Kikundi safi, geti la aibu: uzoefu wangu na mikutano ya AA hapa Nairobi

Nilitaka kuwapa hawa AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe) nyota moja nimalizane nao. Sasa sijui.

Kuwapata kwenyewe ni kazi. Orodha ya kwanza niliyoiona mtandaoni ilinipeleka kwenye ukumbi ambao siku hizi ni chekechea. Nikapiga 1192, ile nambari isiyolipiwa ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na angalau huko nilisikilizwa bila kuhubiriwa. Hatimaye rafiki wa shemeji yangu akanitajia kanisa fulani, jioni, ukumbi wa nyuma. Sawa.

Siku hiyo sikutoa loki asubuhi, yaani kile kinywaji cha kutuliza mwili baada ya ulevi wa jana, makusudi. Nilitaka nifike mzima. Nikafika mikono inatetemeka, shati limelowa jasho na jua lenyewe hakuna. Soja wa getini akanisukumia kitabu cha wageni: jina, nambari ya kitambulisho, simu, unakoenda. Nikamwambia kwa sauti ya chini, AA.

"Nini?"

AA.

Akamgeukia mwenzake aliyekuwa ng'ambo ya uwanja, akapaza sauti kama anayenadi mitumba Gikomba: "Wale walevi leo wako ukumbi gani?"

Watoto wa katekisimu waligeuka wote. Mama mmoja aliyeshika Biblia alinikagua kuanzia viatu kwenda juu. Nami bado nimeinama na kalamu, na yule kijana, ambaye ningeweza kumzaa, ananiambia: "Andika vizuri mzee, mwandiko unatetemeka."

Lakini kilichonichoma zaidi ni kile kitabu. Juu ya mstari wangu kulikuwa na fundi wa mabomba, watu wa kamati ya harusi, kisha majina kamili, vitambulisho na simu za watu ambao mbele yao, kwa mkono wa soja mwenyewe, pameandikwa "walevi". Kitabu kiko wazi juu ya meza. Yeyote anayeingia anakisoma. Jirani yako, mkubwa wako wa kazi, mama mkwe.

Hebu fikirieni. Watu walioanzisha mpango huu kule Akron, Ohio, mwaka 1935, dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, walijulikana kama Bill W. na Dkt. Bob, basi. Ndani ya mkutano hakuna anayekuuliza jina la baba yako. Halafu geti la kanisa linataka nambari ya kitambulisho! Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, inayozitaja habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Labda soja hajaisikia. Padri je?

Nusura nirudi steji. Kuna baa pale pale, na mziki wake unafika getini. Niliingia ndani kwa hasira tu, si kwa ujasiri.

Ndani, nitasema ukweli ingawa sikutaka kuwasifu, ni kwingine kabisa. Viti vya plastiki, chai kwenye birika, mtu anasoma zile hatua kumi na mbili za AA za kuacha pombe, kwa Kiingereza. Lakini anayesimulia yake, akifika pale panapouma, anahamia Kiswahili au Kikamba bila kujua, na hakuna anayemkatiza. Kapu la mchango lilipopita niliambiwa nilipitishe tu, mgeni hatoi. Hakuna ada, sharti ni kutaka kuacha, yameisha.

Baadaye mzee mmoja aliitazama mikono yangu akanivuta pembeni. "Ndugu, kesho uende kwa daktari kabla ya kurudi hapa. Mwenye kunywa kila siku akikata ghafla anaweza kupata degedege, na hata kufa. Sisi si hospitali." Nikaenda. Hiyo peke yake inawastahilia nyota tano.

Tatu. Maana nilipowauliza habari ya geti, walicheka! Wanajua. Wa siku nyingi huandika "kwaya". Kwaya gani hii, wanaume watupu, haijawahi kuimba hata misa moja? Wamejitafutia njia ya kupita wakamwacha mgeni akumbane na kitabu peke yake, jioni ambayo hata upepo unamrudisha baa. Ni wangapi waliogeukia pale getini? Hao hawana pa kuandika maoni.

Nikataka kumlalamikia mkubwa wao. Hakuna mkubwa! Hawana mwenyekiti wa kumfokea, kila kikundi hujiamulia mambo yake kwa kura. Basi nikafoka mbele ya wote, na waliponyamaza wakapiga kura, wakanipa mimi kazi ya kusimama getini kupokea wageni. Eti kwa sababu ndiye niliyeona tatizo. Wajanja hawa.

Kanisa limekubali wageni wetu wapite bila kuandika, mradi mwenyeji awepo. Soja bado ananuna, na zile kurasa za zamani hajazing'oa, nimeangalia.

Kwa hiyo nyota nne, na zinaweza kushuka. Ukija, usishike kalamu yake. Utaona mtu mrefu kando ya geti mwenye kofia ya Gor Mahia. Niambie tu umekuja kwaya, nitakupeleka.