Datsun 240Z kwenye barabara za Dodoma

Magari mengi ya michezo ya zamani yaliundwa kwa ajili ya lami ya Ulaya, na yakifika kwetu huishia kufunikwa turubai. Datsun 240Z halimo katika kundi hilo. Kampuni ya Nissan, iliyouza magari yake pia kwa jina la Datsun, ililizindua Japani mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z, na katika masoko ya nje likauzwa kama 240Z. Kabla halijatimiza miaka miwili lilikuwa limekwisha kushinda East African Safari Rally ya 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, huku Shekhar Mehta akishika nafasi ya pili kwa gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta mwenyewe. Mashindano hayo yaliasisiwa 1953 kwa kuzizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na gari lililoyamaliza lilikuwa limepita katika tope, makorongo na vumbi tunavyovijua sisi kuliko mtengenezaji yeyote.

Chini ya boneti lake refu kuna injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye cc 2,393 na kabureta mbili (vifaa vinavyochanganya petroli na hewa), ambayo kiwanda kiliitangaza kuwa na nguvu farasi 151. Uzito wa gari unazidi kilo 1,000 kwa kiasi kidogo tu, kwa hiyo nguvu hiyo inalitosha kabisa. Kinachonivutia zaidi ni kwamba kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni ni vilevile vya Datsun 1600, gari ambalo mafundi wetu wa makamo wamelifungua na kulifunga mara nyingi; kilichoongezwa, kwa maneno mepesi, ni silinda mbili. Fundi wa namna hiyo hahitaji kompyuta wala mwongozo mnene ili aanze kazi.

Nililiendesha kwa hisani ya mwenyewe katika barabara ya Kondoa, kupitia Msalato na Veyula hadi nje ya Makutupora. Kila gurudumu lina springi na shokapu yake inayojitegemea, nyuma kama ilivyo mbele, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa gari la bei yake wakati huo. Tulipoacha lami na kuingia njia ya changarawe, upande wa nyuma ulitulia na usukani ukaendelea kunieleza hali ya ardhi bila kunipokonya mikono. Breki ni diski mbele na dramu nyuma. Zinafaa, ila dereva aliyezoea magari ya sasa atalazimika kukanyaga kwa nguvu na mapema zaidi.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na injini ya kabureta huonja wembamba wa hewa hiyo: nguvu hupungua, na petroli huzidi hewa katika mchanganyiko hadi fundi apunguze mafuta na kuzilinganisha kabureta zote mbili. Joto nalo ni jaribu. Kabureta zilizofungwa kwenye magari ya 1973 yaliyopelekwa Marekani zilijulikana kwa petroli kuchemka ndani yake, na sioni sababu ya mtu wa Dodoma kujitwisha mzigo huo wakati zile za awali zipo.

Adui mkubwa wa gari hili, hata hivyo, ni kutu. Bati lake halikukingwa vya kutosha, nalo huoza chini ya betri, sakafuni, katika mihimili ya mbele na kuzunguka mlango wa nyuma. Ukavu wa kanda yetu humsaidia sana mwenye gari lililokaa huku miaka mingi; lililoishi pwani linunuliwe kwa tahadhari, na mnunuzi asiangalie rangi kwanza. Aliinue, agonge mihimili kwa nyundo ndogo na asikilize. Rangi inayong'aa juu ya muhimili uliooza ni hasara ambayo injini nzuri haiwezi kuifidia.

Anayeagiza kutoka nje akumbuke pia ushuru wa uchakavu, ambao huyalemea magari ya umri huu. Kwa watoto hakuna nafasi, maana viti ni viwili tu. Mwenye uwezo wa kuchagua atafute la 1971 au 1972, lenye usukani wa kulia na gia tano, na akubali kulipa zaidi kwa bodi nzima kuliko kwa injini iliyofanyiwa matengenezo.