Programu iliyonibakishia vijana ofisini, na ile iliyonifukuzia mmoja

Naendesha ofisi ndogo ya uhasibu Dar es Salaam, upande wa Kariakoo. Tuko tisa pamoja na mimi. Wateja wetu wengi ni wenye maduka ya jumla, wauza vifaa vya ujenzi wachache, shule moja ya binafsi na wenye malori. QuickBooks Online, programu ya uhasibu inayotumika kupitia mtandao, nimeitumia tangu 2022. Walioieleza kwa upande wa hesabu ni wengi, kwa hiyo mimi nitaeleza ilichofanya kwa wafanyakazi wangu, maana hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi.

Kabla ya hapo tulikuwa na programu ya kusimikwa kwenye kompyuta moja. Faili la mteja liko kwenye fleshi, fleshi iko kwenye droo, na anayeihitaji anazunguka ofisi nzima akiuliza nani kaichukua. Ikikaribia tarehe 7 tunakimbizana na PAYE, kodi ya mishahara, ikikaribia tarehe 20 ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani, na Juni 30 zinatungoja ritani za kodi za wale wote wanaofunga hesabu Desemba. Katikati ya tarehe hizo, kijana mwenye shahada yake anakaa kutwa anachapa risiti.

Wasiofanya kazi hii huenda hawajui risiti ni mateso ya namna gani. Karatasi ya EFD, ile mashine ya kutolea risiti za kodi, haina wino, inachapwa kwa joto. Mteja akiisahau kwenye dashibodi ya gari, ikipigwa jua siku kadhaa imeshapauka. Nilikuwa na binti mmoja, mhasibu mzuri kabisa, aliyekuwa akisimama nayo dirishani. Anaielekeza kwenye mwanga, anaiinamisha kushoto, anaiinamisha kulia, tarakimu zikijitokeza anazishika kichwani, anarudi mezani kuziandika, kisha anasimama tena na nyingine. Mfuko wa risiti bado umejaa. Jioni moja nimerudi ofisini saa mbili usiku kuchukua miwani niliyoisahau, nikamkuta palepale dirishani, na mwanga wenyewe sasa ni wa taa za barabarani. Alinisalimia "Shikamoo dada" bila kugeuka, asije akazisahau tarakimu.

Mwaka 2021 waliondoka wanne. Watatu wa kwanza niliwaaga nikiamini wamefuata mshahara kwenye ofisi kubwa. Wa nne alipoleta barua, mwezi wa tisa, nilimwomba akae tuzungumze. Akasema: "Dada, mshahara sikatai ni mdogo, ila siondoki kwa hilo. Nina masomo matatu ya Novemba na tangu mwezi wa sita sijafungua kitabu. Halafu hapa ninachojifunza ni kuchapa tu."

Mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu, hufanyika Mei na Novemba. Vijana wengi wanaokuja kwenye ofisi kama yangu wanatafuta uzoefu huku wakiifukuzia CPA, sifa ya mhasibu kamili. Ukiwapa kazi inayowala usiku na isiyowafundisha kitu, umewanyima vyote viwili walivyokuja kuvitafuta. Nilikaa na maneno ya yule kijana wiki nzima. Mwezi uliofuata nikaanza kutafuta programu.

Kilichobadilika kwanza ni huo mfuko wa risiti. Sasa mteja anapiga picha risiti siku ileile kwa simu yake. Programu inasoma tarehe, jina la muuzaji na kiasi, na kijana wangu anakagua kama kimeandikwa sawa, anaamua ni gharama ya aina gani, anaipitisha. Taarifa ya benki inapakiwa kama faili, na kwa yale malipo yanayojirudia tumeweka kanuni: penye neno LUKU peleka kwenye umeme, penye jina la mwenye nyumba peleka kwenye pango. Kulinganisha vitabu na benki, kazi iliyokuwa ikichukua siku mbili kwa mteja mmoja mwenye miamala mingi, sasa tunaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Muda uliobaki kijana anautumia kumuuliza mteja kwa nini faida yake imeshuka wakati mauzo yamepanda. Hapo ndipo uhasibu wenyewe ulipo, na unamwona mtu anavyochangamka akifika hapo.

Ile sehemu ya programu iliyotengenezwa kwa ajili ya ofisi za uhasibu haina malipo, na inakupangia wateja wote mahali pamoja. Mafunzo na mtihani wa cheti cha ProAdvisor, cha ujuzi wa QuickBooks, navyo ni bure. Wenzangu wawili wenye ofisi waliniambia nisiwape vijana vyeti, wakishavipata wataondoka. Mmoja kweli aliondoka, akaenda kampuni kubwa, na nikamwandikia barua nzuri ya kumtambulisha. Wengine wanne wenye cheti wako nami hadi leo.

Kuna jambo moja dogo ambalo kwangu lina uzito mkubwa. Programu inaweka kumbukumbu ya nani amebadilisha nini na saa ngapi. Siku moja hesabu za shule ziligoma, kuna ankara imebadilishwa kiasi, na ofisi nzima ikamtazama kijana mdogo kuliko wote, aliyekuwa na miezi miwili tu kazini. Tukafungua kumbukumbu. Aliyebadilisha ni mimi, wiki iliyotangulia, nikiwa na haraka. Nilimwomba radhi palepale mbele ya wote. Zamani yule mtoto angebeba lawama isiyo yake, na nadhani angeanza kutafuta kazi kwingine jioni ileile.

Sasa nieleze kosa langu kubwa. Mwaka 2023 niliwaruhusu vijana kufanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki. Anayetoka mbali, Mbagala au Kibaha, ananielewa. Lakini nikaingiwa na hofu kwamba hawatafanya kazi, na nikanunua programu nyingine, siitaji jina, ya kufuatilia wafanyakazi. Inapiga picha skrini ya mtu kila baada ya dakika kumi, inahesabu anavyogusa kibodi na kipanya, na jioni inakuletea asilimia za kila mmoja.

Mkaguzi wangu mkongwe, mama mtu mzima ambaye ofisi nzima inamtegemea, alipata asilimia 38. Mama huyu anafanya kazi kwa kalamu. Anachapa hesabu za mteja kwenye karatasi, anazisoma taratibu, anapiga mstari, anaandika maswali pembeni, na akishamaliza ndipo anagusa kompyuta. Nilipomwonyesha ile ripoti aliitazama kwa muda, akavua miwani, akauliza kwa upole: "Kwa hiyo mdogo wangu, nikiwa nafikiri, hii mashine inaniona nimelala?"

Sikuwa na jibu. Niliiondoa ile programu ijumaa hiyohiyo, lakini kijana mmoja, tena hodari, alikuwa ameshapata kazi sehemu nyingine. Aliniambia hakupenda mashine ipige picha skrini yake wakati amefungua mishahara ya watu wa kampuni ya mteja. Na alikuwa sahihi hata kisheria. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mimi nilikuwa nikituma picha za mishahara ya watu kwenye kompyuta nisizozijua ziko nchi gani. Hilo linaniumiza mpaka leo, kwa sababu wateja walituamini.

Tulichoweka badala yake ni ubao wa Trello, programu ya kupangia kazi. Kila mteja ana kadi yake, kadi ina tarehe ya mwisho na jina la mhusika, na kila mtu anaiona kazi ya kila mtu. Asubuhi naangalia ubao na najua VAT ya nani haijaguswa, bila kumchungulia mtu skrini yake. Mwanzoni mwa mwaka tunaandika kwanza wiki mbili za kabla ya mitihani ya Mei na ya Novemba. Wenye mitihani hawapewi kadi mpya wiki hizo, na wenzao wanajua mapema watabeba nini. Wasiofanya mitihani walinung'unika mwaka wa kwanza, nikawapa siku za mapumziko mwezi Julai, baada ya zile ritani za Juni, manung'uniko yakaisha.

Simu nazo tulizishughulikia. Wateja wetu walikuwa na namba binafsi za vijana, na mfanyabiashara akikumbuka kodi saa nne usiku anatuma ujumbe wa sauti wa dakika tano saa nne hiyohiyo. Sasa kuna namba moja ya ofisi kwenye WhatsApp Business, imeunganishwa na kompyuta za watu watatu, na ikifika saa kumi na mbili jioni inajibu yenyewe kwamba tutaonana kesho. Ni bure. Kati ya yote niliyofanya, hili ndilo vijana walilonishukuru zaidi.

Anayetaka kununua azingatie yafuatayo. Gharama ya QuickBooks Online tunalipa kwa dola kila mwezi kwa kila mteja, kwa hiyo shilingi ikiyumba bajeti nayo inayumba. Sisi tumeiingiza kwenye ada ya mteja na kumweleza waziwazi. Ankara unayoitoa humo haichukui nafasi ya risiti ya EFD. Mteja bado anahitaji mashine au VFD, yaani EFD ya kwenye programu, na kila kijana mpya tunamfundisha hilo siku ya kwanza. Intaneti nayo ni roho ya kazi. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika tarehe 12 na mtandao ukadorora nchi nzima, tulikuwa na siku nane tu kufika tarehe 20. Kilichotuokoa ni mama yetu wa kalamu, ambaye kila mwisho wa mwezi hutoa nakala za Excel za kila mteja na kuzihifadhi ofisini. Tuliandaa VAT kwa nakala zile, na mtandao ulipokuwa unarudi kidogokidogo usiku, tulipeana zamu za kutuma. Tangu hapo nakala hizo ni sheria ya ofisi. Pia kila anayefanyia kazi nyumbani analipiwa bando na ofisi. Kumwambia mtu ajinunulie bando la kukufanyia kazi ni kumkata mshahara.

Tangazo letu la kazi nalo limebadilika. Zamani liliandikwa "awe tayari kufanya kazi kwa shinikizo". Sasa tunaandika programu tunazotumia, siku za kufanyia nyumbani, na wiki za mitihani. Kwenye usaili tunampa mwombaji kompyuta yenye ile kampuni ya majaribio ya QuickBooks, yenye hesabu za mfano, tunamwachia saa moja, halafu anatueleza alichokiona kwenye hesabu. Mwaka jana aliomba kijana aliyekuwa ameshapata nafasi kwenye ofisi kubwa kuliko yetu. Nilimuuliza kwa nini anakuja kwetu. Akasema dada yake alifanya kazi hapa zamani, na alimsimulia kuhusu dirisha.

Nilijua ni dada yupi. Nilimpigia jioni ile, na Jumatatu ijayo anakuja kutuonyesha mfumo wanaoutumia huko aliko sasa.