Ziara ya watoto makumbusho, walienda wamenuna wakarudi na maswali

Jamani nilikuwa nishakata tamaa. Wanangu wawili, wa miaka 11 na 7, ukiwatajia makumbusho ni kama umewapa adhabu, mkubwa kwenye gari kanuna njia nzima simu mkononi, mdogo kila dakika anauliza tunarudi saa ngapi. Nikachukua ile ziara ya watoto yenye mwongozaji badala ya kuzunguka wenyewe, na hapo ndo mambo yakabadilika.

Yule dada hakuanza na tarehe wala majina ya wafalme. Aliwapa karatasi na penseli akawaambia watafute chungu chenye alama ya kidole. Mdogo ndo alikiona, mfinyanzi alikibonyeza udongo ukiwa mbichi na alama imebaki mpaka leo, basi kaweka kidole chake kwenye kioo anapima kipi kikubwa. Mkubwa naye akauliza mtungi unapozaje maji, akaelezwa kuwa maji yanapenya vitundu vidogo vya udongo, yanakauka kwa nje na kuondoka na joto. Simu sikuiona tena.

Kasoro ipo. Nusu saa ya mwisho ilikuwa maelezo matupu ya kusimama na viti hakuna, mdogo akachoka akakaa chini. Kwa umri wake saa moja inatosha, wapunguze tafadhali.

Wazazi chukueni ya asubuhi watoto wakiwa wameshiba, na yule mkubwa mpeni ashike ramani aongoze njia. Wangu washaanza kuuliza tunaenda lini tena.