Kanuni zipi ununue kama wahusika wenu ni watu wa kawaida

Wengi wanaoingia kwenye michezo ya kuigiza wahusika mezani, ambamo kila mchezaji anaigiza mtu mmoja katika kisa na dadu zinaamua matokeo, hununua Dungeons & Dragons kwanza. Kwa visa vya mabingwa wanaoua majoka, hujapoteza fedha. Lakini kama dunia yenu ni ya wavuvi, wachuuzi na askari wa zamu, uchawi ni nadra na kidonda kinaweza kuoza, kitabu hicho mtashindana nacho kila mkikaa kucheza.

Kabla ya kulipa, uliza swali moja: mtu mzoefu akichomwa kisu gizani, inakuwaje? Katika toleo la tano la D&D, la 2014, mpiganaji wa ngazi ya 10 (ngazi hupanda kadiri mnavyocheza) mwenye afya nzuri ana alama kama 84 za uhai, ambazo majeraha huzipunguza. Kisu kinaondoa 1 hadi 4, ukiongeza nguvu za mchomaji. Atachomwa mara kumi na bado amesimama. Utaambiwa ufute uchawi na msipande juu ya ngazi ya 3. Nilijaribu. Kati ya aina 12 za wahusika kitabuni, 8 zinategemea uchawi, kwa hiyo ukiufuta umelipia kurasa ambazo hutazifungua. Naiweka mwisho.

Chaguo langu la kwanza ni Basic Role-Playing ya Chaosium, kanuni zilizozaliwa na mchezo wa RuneQuest wa 1978 na ndizo zinazobeba Call of Cthulhu, mchezo wa visa vya kutisha. Kila ujuzi ni asilimia: una 45 ya kupiga makasia, tupa dadu mbili za pande kumi, moja ya makumi na moja ya mamoja, upate 45 au chini. Hata mgeni anaelewa hapo hapo. Uhai unatokana na afya na ukubwa wa mwili, na hauongezeki kwa sababu tu umecheza miezi sita. Katika toleo la saba la Call of Cthulhu mtu wa wastani ana kama 11, na bunduki ya marisau ikifyatuliwa karibu huondoa 4 hadi 24. Wachezaji wanajifunza haraka kuongea, kujificha na kukimbia. Kinachokua ni ujuzi uliotumika: nahodha anazidi kuwa nahodha, lakini panga halimwogopi.

Ya pili ni Cairn ya Yochai Gal, na kama mfuko hauruhusu, anza nayo. Maandishi yake ni ya bure, tena chini ya leseni inayokuruhusu kuyatafsiri na kuyagawa, mradi umtaje mwandishi na tafsiri yako uiachie wengine kwa masharti yaleyale. Kwetu hilo ni jambo kubwa, maana kanuni za Kiingereza mezani huwanyamazisha wenye aibu. Hakuna ngazi wala aina za wahusika. Shambulio halikosi, unatupa dadu ya madhara tu. Una nafasi 10 za mizigo, na ukizijaza zote kinga yako, yaani alama zinazopokea madhara kabla mwili haujaumia, inashuka hadi sifuri, kwa hiyo kubeba kamba au kubeba chakula kunakuwa uamuzi wa kweli. Upungufu wake ni kwamba haina orodha ya ujuzi. Fundi seremala na mganga wanatofautishwa na vifaa na maelezo yao.

GURPS, ya tatu, inatumia dadu tatu za kawaida za pande sita, zilezile za ludo. Mhusika hununuliwa uwezo kwa alama, na mtu wa kawaida hujengwa kwa 25 hadi 50. Unafaulu jumla ya dadu isipozidi ujuzi wako: ujuzi wa 10 unafaulu nusu ya majaribio, wa 12 karibu robo tatu, wa 14 tisa kati ya kumi. Kazi ya maandalizi ni nyingi. Usinunue vitabu viwili vikuu kabla ya kusoma GURPS Lite, kurasa 32 za bure.

Warhammer Fantasy Roleplay nayo inaanza na mkamata panya na ombaomba, na majeraha yake ni ya kutisha. Inunue kama mnataka kuishi ndani ya dunia yake hasa, kwa sababu kuhamishia kanuni zake kwenye dunia yenu ni shida.

Dadu za pande kumi zikikosekana madukani, programu ya simu inatosha kwa mwezi wa kwanza. Pesa iende kwenye kitabu kilichochapishwa, nakala moja ya kuzungusha mezani.