Dark Souls: Remastered, mchezo wa kubishania giza

Diski niliyoinunua ilikuwa imekwisha kutumika, ina mikwaruzo miwili upande wa chini, na muuzaji alinionya kwamba wateja wengi huirudisha baada ya siku tatu kwa sababu mchezo wenyewe ni mgumu. Hakusema uongo. Dark Souls: Remastered, iliyotoka mwaka 2018, ni toleo lililong'arishwa la mchezo wa video wa mwaka 2011 uliotengenezwa na kampuni ya FromSoftware ya Japani chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki, na ugumu wake umekwisha kuandikwa mno kiasi kwamba sitaurudia hapa. Ninachotaka kukipima ni hadithi yake ya nuru na giza, ambayo mchezo huisimulia kwa mafumbo, pamoja na nadharia ambazo mashabiki wamezijenga juu yake kwa zaidi ya miaka 10. Nimeucheza kwa PlayStation 4 nyumbani Kirumba, Mwanza, kwa miezi miwili, nikiwa na mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne, na sehemu kubwa ya muda huo hatukuwa tumeshika padi, bali tulikuwa tukibishana.

Utangulizi wa mchezo unaeleza kwamba hapo kale dunia ilikuwa ya kijivu, imegubikwa na ukungu, ikitawaliwa na majoka yasiyokufa. Kisha ukatokea moto, na pamoja na moto zikatokea tofauti: joto na baridi, uhai na kifo, nuru na giza. Wachache waliusogelea moto huo wakaokota roho zenye nguvu, akiwemo Gwyn, bwana wa nuru ya jua, na kiumbe mmoja mdogo mwenye kunyemelea ambaye husahaulika kwa urahisi. Moto ulipoanza kufifia, Gwyn alijitoa awe kuni ili uendelee kuwaka. Sasa unafifia tena, na binadamu wenye alama ya giza mwilini hawafi sawasawa. Wanaokata tamaa hupoteza akili na kugeuka misukule. Neno hilo la mwisho ni langu, lakini sidhani kama kuna msomaji wa Kanda ya Ziwa atakayehitaji kulifafanuliwa.

Nadharia kubwa kuliko zote inasema kwamba giza katika mchezo huu si uovu, na kwamba mkosaji ni Gwyn, aliyekataa kuacha zama zake zipite. Inajengwa juu ya maneno yale ya utangulizi: giza halikuutangulia moto likaja kushindwa nao, bali vyote viwili vilizaliwa siku moja. Kwa mtu wa ufukweni hoja hii haina ugeni wowote. Shemeji yangu huvua dagaa usiku na kuwapeleka soko la Mwaloni. Zamani walitumia karabai, siku hizi wanatumia taa za sola, lakini kanuni haijabadilika: mbalamwezi ikikomaa, mitumbwi hubaki nchi kavu, kwa kuwa taa haiwezi kuwavuta dagaa pale ambapo mwanga umetapakaa juu ya maji yote. Nilipomsimulia habari za Gwyn alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Sasa shemeji, huyo mfalme alitaka kuwe kweupe siku zote ili avue nini?" Nimesoma maelezo marefu ya mashabiki kuhusu jambo hili, na sijaona lililolifikia swali hilo.

Hata hivyo, nadharia hiyo ina udhaifu ambao wafuasi wake huupitia haraka. Msingi wake mkubwa ni ushuhuda wa Kaathe, mmoja wa nyoka wakubwa wawili wa kale wanaompa mchezaji ushauri. Frampt, yule wa kwanza, humtaka mchezaji amrithi Gwyn na kuuchochea moto. Kaathe, ambaye wachezaji wengi humaliza mchezo bila kukutana naye, husema kwamba yule mdogo aliyenyemelea ndiye babu wa wanadamu, kwamba roho aliyoipata ilikuwa Roho ya Giza, na kwamba Gwyn alipingana na maumbile kwa kuwaogopa wanadamu. Ni hotuba yenye kushawishi kweli kweli, na inafichuliwa kwa anayetafuta tu, jambo linaloifanya ionekane kuwa ndiyo kweli yenyewe. Mpwa wangu aliiamini papo hapo. Mimi nilimkumbusha kwamba wapiganaji wanaomtumikia Kaathe kazi yao ni kuwanyonya watu ubinadamu wao, kwamba mji wa New Londo ulizamishwa majini pamoja na wakazi wake ili kuwazuia wapiganaji wa aina hiyo, na kwamba mji wa Oolacile uliangamia baada ya watu wake kudanganywa na joka lenye meno, ambalo halitajwi jina, wakafukua kaburi la mtu wa kale. "Lakini mjomba, hata Frampt ana meno," alinijibu, nami sikuwa na la kusema.

Sehemu iliyonifanya niuheshimu mchezo huu ni Anor Londo, mji wa miungu. Mchezaji hufika huko akitoka kwenye mahandaki, mabwawa ya sumu na ngome yenye mitego, akakuta jua la jioni limemwagika juu ya mapaa, na ndani ya ukumbi yumo binti wa Gwyn anayempokea kwa upole. Anayethubutu kumpiga binti huyo mshale mmoja huona ajabu: binti anatoweka, jua linazimika, na mji wote unabaki gizani, kwa sababu vyote vilikuwa kiinimacho cha Gwyndolin, mtoto wa mwisho wa Gwyn. Hapa mashabiki hawabuni kitu, mchezo wenyewe umesema. Kiswahili kinaelewa jambo hili kwa njia yake, maana mwanga ni kinachoangaza, na mwanga, wingi wake wanga, ni yule anayetembea usiku kwa uchawi. Nilimweleza mpwa wangu hivyo, na tangu siku hiyo Gwyndolin kwetu haitwi jina jingine.

Nadharia ya Solaire, yule shujaa mcheshi anayelitafuta jua lake, naiona dhaifu. Ilidaiwa kwamba yeye ni mtoto wa kwanza wa Gwyn aliyefutwa katika kumbukumbu. Sehemu ya tatu ya mfululizo, ya mwaka 2016, ilimleta mfalme asiye na jina ambaye sifa hizo zinamkaa vizuri zaidi. Mwisho wa Solaire wenyewe unatosha bila ukoo wa kifalme: kama mchezaji hakumwokoa mapema, hutuliwa kichwani na dudu linalong'aa, naye akaamini kwamba hatimaye amelipata jua.

Ipo pia dhana kwamba alama ya giza ni pingu ambayo miungu iliwafunga binadamu. Mwaka 2011 ilikuwa tetesi tu. Mwaka 2017 nyongeza ya mwisho ya sehemu ya tatu ilieleza kwamba miungu iliwatia muhuri wa moto binadamu waliobeba silaha za giza, na tangu hapo ni vigumu kuipinga. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Kuhusu bidhaa yenyewe, picha zinakwenda laini kuliko zamani, na nyongeza ya Oolacile imo ndani bila malipo mengine. Eneo la Lost Izalith linaonyesha wazi kwamba lilifanywa kwa haraka, na uji wake wa moto unaumiza macho. Hakuna namna ya kusimamisha mchezo ukiitwa mlangoni, lakini unajihifadhi wenyewe kila wakati: umeme ulitukatikia mara nne, na kila mara tulirudi karibu pale pale. Hakuna Kiswahili, na Kiingereza chake ni cha kizamani chenye maandishi madogo, hivyo asiye na subira ya kusoma maelezo ya kila pete na kila upanga atakuwa amenunua mapigano matupu. Sisi tulikisia mengi. Miyazaki mwenyewe amesimulia kwamba utotoni alisoma vitabu vya Kiingereza asivyovielewa vyote, akawa anajaza mapengo kwa mawazo yake, kwa hiyo sikuona aibu.

Nauona mchezo unastahili bei yake, hasa kwa nyumba yenye watu wawili wabishi. Tulipomaliza mara ya kwanza tuliuchochea moto kama Frampt alivyotaka. Mpwa wangu ameanza upya ili amfuate Kaathe, na hadi naandika haya amekwisha kutumbukia shimoni mara mbili na kufa, kwa sababu anasahau kuivaa pete ya Artorias, inayomwezesha mtu kuingia humo bila kufa.