TAHADHARI: Muuzaji wa "seti za asili" za santuri za klasiki hapa Mombasa

Ndugu zangu mnaokusanya santuri za klasiki, hasa mlioko Mombasa na Pwani kwa jumla, tafadhali someni hii kabla hamjamtumia mtu pesa. Yupo muuzaji anayezunguka mjini na masanduku ya santuri za zamani, Beethoven, Bach, Wagner, na tayari amewachezea shere watu kadhaa ninaowafahamu. Jina lake silitaji, kwa sababu hubadilika kila akibadilisha laini ya simu, na huenda analotumia leo ni la mtu mwingine asiye na habari. Nitaeleza mbinu zake. Mkikutana naye mtamjua tu.

Maneno yake ya kwanza ni yale yale. Kuna mama wa Kigoa huko Tudor amefariki, watoto wako Canada, nyumba inauzwa na vitu lazima vitoke wiki hii. Wengine wameambiwa ni Mzungu wa Nyali anarudi kwao Uingereza. Habari hizi zinaaminika upesi kwa sababu ndivyo santuri nyingi nzuri zilivyotufikia hapa: mtu anahama au anafariki, jamaa hawana haja nazo, zinaishia kwa fundi wa redio au kwenye duka la samani kuukuu. Jamaa huyu anaujua utaratibu huo vizuri na anautumia.

Mzee mmoja ninayemheshimu sana, mwalimu mstaafu anayeishi Kizingo, aliuziwa simfoni tisa za Beethoven, kondakta Herbert von Karajan na okestra ya Berlin Philharmonic, za kampuni ya Deutsche Grammophon. Wapenzi wa klasiki wanaijua seti hii. Ilirekodiwa kati ya Desemba 1961 na Novemba 1962 katika kanisa la Jesus-Christus-Kirche mjini Berlin, ikatolewa 1963, santuri nane ndani ya sanduku moja. Mzee alikuwa akiitafuta tangu ujanani. Alilipa shilingi 25,000, akaniita twende tukasikilize pamoja.

Sanduku lilikuwa lenyewe hasa, na kijitabu chake ndani. Nilipotoa santuri ya kwanza na kuisogeza dirishani, nikaona ukingo wa lebo ya njano, ile karatasi ya katikati ya santuri, umezungushiwa mistari miwili ya buluu. Hapo nikajua kuna jambo. Lebo za kampuni hiyo za miaka ya 60 zimezungukwa na taji la maua madogo ya tulipu. Mistari ya buluu ilikuja miaka ya 70 ilipoanza. Nikasoma maandishi ya chini: herufi P ndani ya duara, na mwaka 1977. Mwaka ulio kando ya alama hiyo ya P ni mwaka rekodi ilipotolewa kwa mara ya kwanza, kwa hiyo santuri yenye P ya 1977 haiwezi kuwa ya seti ile ya 1963. Tukatoa zote nane. Zote ni za 1977.

Karajan alizirekodi simfoni hizo upya na okestra ile ile kati ya 1975 na 1977, na seti hiyo nayo ina santuri nane. Ndiyo maana udanganyifu unapita bila mtu kushtuka: sanduku la santuri nane, na ndani mmejaa santuri nane, Beethoven yule yule, Karajan yule yule, rangi ile ile ya njano. Mtu anayehesabu tu hawezi kujua. Nasema kwa haki kwamba rekodi za 1977 si mbaya hata kidogo, na mimi mwenyewe ninazo na ninazisikiliza. Lakini huwezi kumtoza mzee bei ya ile ya 1963 ukampa hizi. Hapo ni kumuuzia mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe ndilo lenye thamani.

Kwa hiyo la kwanza kabisa: msilipe kwa kutazama sanduku. Toeni kila santuri, moja baada ya nyingine, pande zote mbili, na someni lebo. Kisha tazameni ile sehemu laini iliyozunguka lebo, pale mifereji ya muziki inapoishia. Kuna namba zimechongwa au kupigwa mhuri ndani ya santuri yenyewe. Lebo mtu anaweza kuichapisha upya na kuibandika; namba iliyoko kwenye santuri hawezi kuifuta bila kuacha alama. Andikeni namba hizo, mzilinganishe na lebo na kijitabu, na kama muuzaji ana haraka kiasi kwamba hawezi kuwasubiri mkizisoma, basi haraka yake imeshawajibu.

Halafu kuna uongo wake wa tarehe. Amewatangazia watu "Beethoven, sonata zote 32, Artur Schnabel, vinili halisi ya 1932". Hakuna kitu kama hicho. Schnabel, mpiga piano, alizirekodi sonata hizo kwa kampuni ya HMV kati ya 1932 na 1935 huko London, na zilitoka kwenye santuri za shelaki za mizunguko 78 kwa dakika, zile nzito zinazovunjika zikianguka. Upande mmoja wa santuri kubwa ya aina hiyo unabeba dakika nne hadi tano hivi, kwa hiyo sonata moja tu inaweza kuchukua santuri kadhaa. LP, yaani santuri ya muda mrefu ya vinili (plastiki) inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, ilianza kuuzwa na kampuni ya Columbia huko Marekani mwaka 1948. Sanduku la vinili la Schnabel ni toleo la baadaye lililohamishwa kutoka shelaki. Linaweza kuwa zuri sana, lakini si la 1932, na bei yake haipaswi kuwa ya 1932.

Vivyo hivyo simfoni ya tisa ya Beethoven chini ya kondakta Furtwängler, ile ya Bayreuth, Ujerumani, ya tarehe 29 Julai 1951. Anaiuza kama "stirio ya asili", yaani sauti ya njia mbili. Onyesho hilo lilirekodiwa kwa mono, sauti ya njia moja. Baadaye zilitoka santuri zilizoandikwa stirio, lakini sauti hiyo imetengenezwa kwa mitambo kutoka mono ile ile, na kwa masikio yangu imeharibu zaidi kuliko kusaidia. Anayelipa zaidi kwa sababu ya neno stirio kwenye jalada amelipa zaidi ili apate kidogo.

Mbinu nyingine inaniudhi zaidi kwa sababu imejengwa juu ya jambo la kweli. Seti nyingi za zamani zilipangwa kwa ajili ya mashine za kuangusha santuri zenyewe moja juu ya nyingine. Seti ya santuri tatu haikuwa na upande wa 1 na 2 kwenye santuri moja. Santuri ya kwanza ina upande wa 1 na wa 6, ya pili 2 na 5, ya tatu 3 na 4. Ukicheza pande tatu za juu, unapindua rundo lote na kuendelea. Sasa huyu bwana anauza seti zilizopungua, na mteja akiuliza mbona namba zinaruka anajibiwa kwa utulivu, "Ndivyo zilivyopangwa zamani." Msikubali jibu hilo bila kuhesabu. Namba zikiruka kwa mpangilio huo, jumla ya namba za pande mbili huwa ile ile kwa kila santuri: kwenye mfano wangu, 1 na 6 ni saba, 2 na 5 ni saba, 3 na 4 ni saba. Na kila namba lazima iwepo, kuanzia 1 hadi ya mwisho. Ukikosa upande wa 2 na wa 5, hakuna mpangilio wowote hapo. Kuna santuri haipo, na muziki umekatika katikati.

Kuhusu usafi: santuri zake zinang'aa mno. Anazipaka kitu, nadhani ile dawa ya kung'arisha meza, na michubuko inajificha kwa muda. Chini ya taa ya ndani hamtaona lolote. Zitoeni nje kwenye jua, zishikeni mshazari, mtaona utelezi wenye rangi rangi kama mafuta juu ya maji na mikwaruzo chini yake. Mafuta hayo yanakusanya vumbi ndani ya mifereji na kuichafua sindano. Nuseni na jalada pia. Unyevu wetu wa Pwani hauna huruma, na jalada lenye harufu ya uvundo mara nyingi lina santuri yenye ukungu.

Lililoniuma zaidi ni la mwalimu mmoja wa kwaya aliyenunua kwake santuri za 78. Zilikuwa zinakwaruza, akampigia simu kulalamika, naye akamwambia azifute kwa spiriti. Spiriti inayeyusha shelaki! Zilibadilika rangi, uso ukafifia, muziki ukamezwa na kelele. Aliporudi kudai pesa zake akaambiwa ameziharibu mwenyewe. Naomba hili lisambae hata kwa wasionunua kwa mtu huyu: santuri za shelaki hazifutwi kwa spiriti wala kimiminika chochote chenye alkoholi. Kitambaa laini kikavu au brashi laini inatosha kwa kuanzia.

Upande wa pesa mambo ni mafupi. Anapenda kukutana na watu Mama Ngina Drive saa za magharibi, pale penye mihogo na madafu, ambapo hakuna gramafoni na mwanga unakwisha. Kabla ya hapo anaomba arubuni kwa M-Pesa "ili asimpe mtu mwingine". Jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha si lile alilojitambulisha nalo. Ukimuuliza anasema ni laini ya shemeji. Wawili ninaowajua walituma arubuni na hawakuona hata kivuli cha sanduku. Msitume. Mwambieni mnalipa papo hapo, mchana, mahali penye gramafoni, baada ya kusikiliza angalau upande mmoja wa kila santuri. Nyumbani kwangu ipo, na fundi yeyote wa redio anayejiheshimu atawaruhusu kwa pesa kidogo.

Waliokwisha kutapeliwa, hifadhini ujumbe wote wa simu na wa M-Pesa, msifute chochote. Mmoja wetu ameshaandikisha kituo cha polisi na kupata nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Tukiwa wengi wenye maelezo yanayofanana, itakuwa vigumu kuambiwa ni ugomvi wa bei. Na mwenye sanduku asilolijua vizuri anitumie picha za lebo na za zile namba zilizochongwa, nitamsomea bila malipo.

Jambo la mwisho ni ombi. Santuri za asili za lile sanduku la Kizingo lazima ziliuzwa mahali fulani, labda moja moja, bila sanduku. Ukiwa umenunua hapa mjini simfoni ya Beethoven ya Karajan, lebo ya njano yenye taji la tulipu, ikiwa kwenye jalada tupu la karatasi, niandikie. Mzee yuko tayari kuinunua kwako kwa bei ya haki, na hizo za 1977 atakupa juu yake.