Shujaa kafungiwa kwenye aya moja: uzoefu wangu na riwaya ya Patrick Ness

The Rest of Us Just Live Here ilitoka 2015, na ukiisoma kama riwaya nyingine za vijana utaona haina kichwa wala miguu. Kosa la msomaji huanzia ukurasa wa kwanza. Kila sura inatanguliwa na aya fupi ya muhtasari, kwa mtindo wa vitabu vya kizamani. Humo ndimo walimo Finn, Satchel na wateule wengine, yaani vijana mashujaa wa kupambana na maovu, wakikimbizana na viumbe wasiokufa wanaotafuta mwili wa kuingia. Vita, mapenzi ya hatari, vifo: vyote vimebanwa humo. Kisha sura yenyewe inaanza, na tunabaki na Mikey, dada yake Mel na rafiki zao, ambao wanataka tu wafike mahafali ya shule kabla haijalipuliwa.

Wengi huziruka hizo aya wakidhani ni mapambo. Usiziruke. Kulungu wakitoka msituni na kuleta ajali ya gari, au mwanga wa buluu ukionekana usiku, sura haitakufafanulia. Maelezo yamo kwenye aya ya juu. Mimi nashauri usome aya, umalize sura, kisha uirudie aya ile. Mara ya pili ndipo unapoona kilichokuwa kikitokea kwa akina Finn wakati Mikey anahudumia meza hotelini.

Msimulizi ni Mikey mwenyewe, na hapa ndipo kitabu kinapostahili bei yake. Ana wasiwasi, kwa maana ile ya mtu wa kurudia udhu mara tano akiona haujatimia. Ananawa, anahesabu, anahisi kakosea, anaanza upya. Ness hamwiti mwendawazimu wala hamgeuzi kichekesho. Sura ya mazungumzo na daktari wa akili imeandikwa karibu yote kwa maneno ya wawili hao, na ndiyo bora kuliko zote. Ukiwa na muda wa kuonja sura moja tu, onja hiyo. Mel naye anapona ugonjwa wa kujinyima chakula uliowahi kuusimamisha moyo wake, baba yao ni mlevi, mama yao anagombea ubunge. Mambo ya nyumbani tu, na yanauma kuliko viumbe wote wa kwenye muhtasari.

Kasoro ninayoishikilia ni Jared. Ni rafiki wa dhati na anachekesha, lakini robo yake ni mungu; bibi yake ni mungu wa paka, na paka humfuata kila aendako. Kitabu kinachotetea watu wa kawaida kimejiwekea mlango wa nyuma hapo. Tena, utani wa majina ya wateule (Finn hayuko mmoja!) humpita asiyewahi kusoma riwaya za vampaya (wafu wanyonya damu) na wateule. Asome moja ya hizo kwanza, hata nusu, ndiyo atacheka.

Kiingereza chake si kigumu: wakati uliopo, sentensi fupi, majibizano mengi, lakini misimu ya vijana wa Marekani imejaa. Wa kidato cha tatu na kuendelea atakimudu. Mzazi au mwalimu ajue kuna pombe, ngono na shoga mmoja miongoni mwa wahusika wakuu, kisha aamue mwenyewe. Nakipa nyota nne. Ya tano ameondoka nayo Jared na paka wake.